Hila za Wanawake katika Hadithi za Wayunani

Ni machache mashtaka yaliyodumu vitabuni kama lile lisemalo kwamba ulimi wa mwanamke ni mtego. Katika fasihi ya Wayunani wa kale shtaka hilo lina umri sawa na fasihi yenyewe. Hesiod, mshairi wa zama za mwanzo kabisa, asimulia kwamba miungu walipomwumba Pandora, mwanamke wa kwanza, kila mmoja alimtunukia kitu: huyu uzuri, yule ustadi wa kufuma, na Hermes akamtia kifuani uongo na maneno ya kurairai. Kwa hiyo mwanamke wa Hesiod hajifunzi kusema uongo. Huzaliwa nao, kama mbuzi azaliwavyo na kwato. Wako wasomaji hata leo ambao, wakifungua riwaya za Kiyunani na kumkuta msichana akitoa neno lisilo kweli, hutikisa kichwa na kusema, "Hivyo ndivyo walivyo." Insha hii imeandikwa kuwapinga wasomaji hao, na ikiwa wewe, msomaji, u mmoja wao, nakuomba unisikilize kwanza ndipo utoe hukumu.

Tuulize kwanza kama Wayunani walichukia uongo wenyewe. Hawakuuchukia. Shujaa wao mpendwa, Odysseus, aliporudi kisiwani kwake Ithaca baada ya miaka 20, alimwambia uongo mtu wa kwanza aliyemkuta pwani. Alijidai kuwa ni mtu wa Krete aliyekimbia kwao kwa sababu ya kuua. Aliyekuwa akiambiwa hayo alikuwa Athena, mungu wa hekima, aliyejigeuza kijana mchungaji. Je, alimkemea? Alitabasamu, akampapasa kwa mkono, akamsifu kwa werevu wake. Lakini katika utenzi huohuo wa Homer mzuka wa Agamemnon, ambaye mkewe alishiriki katika kumwua, wamwonya Odysseus asimwamini mwanamke yeyote. Basi chukizo halikuwa uongo. Chukizo lilikuwa kinywa kilichoutoa.

Sasa tuziendee riwaya. Zilizotufikia nzima ni tano tu, za Chariton, Xenophon wa Ephesus, Achilles Tatius, Longus na Heliodorus, nazo ziliandikwa kati ya karne ya 1 na ya 4 baada ya Kristo. Ya Longus, ambayo haitoki katika mashamba na malisho ya kisiwa cha Lesbos, naiacha kando. Nne zilizobaki zina mwendo unaofanana: kijana na msichana wapendana, kisha dhoruba, maharamia, wauza watumwa na wafalme huwatupa huku na huku mpaka wakutanapo tena. Katika safari hiyo kijana huweza kupigana, kutoroka au kuwa askari. Msichana hana upanga wala marikebu, na mara nyingi hana hata jina, kwa kuwa aliyemnunua amempa jingine. Mwili wake umo katika amri ya yule aliyemshika. Kilichosalia kwake ni maneno.

Nitaanza na Charicleia, kwa sababu ndiye anayeshtakiwa zaidi, na kwa sababu kisa chake ndicho bora. Kiliandikwa na Heliodorus, Mfoinike wa Emesa katika nchi ya Shamu, mji ambao leo huitwa Homs. Charicleia ni binti wa mfalme wa Ethiopia ya zama zile, ambayo mji wake mkuu ulikuwa Meroe, katika nchi tuiitayo leo Sudan, kando ya Nile ileile ichukuayo maji ya ziwa letu la Victoria. Lakini yeye hajui nyumbani kwao. Amelelewa Delphi, huko Ugiriki. Hadithi yaanza kwenye mlango wa Nile, ambapo yeye na mchumba wake Theagenes watekwa na wanyang'anyi wakaao mabwawani. Mkuu wa wanyang'anyi, Thyamis, aita baraza la watu wake na kutangaza kwamba msichana huyu atakuwa mkewe. Asema kwamba angeweza kumchukua kwa nguvu, lakini apenda kwanza kusikia ridhaa yake. Kisha amgeukia na kumwuliza.

Simama hapo kidogo, msomaji, ulitazame swali lenyewe. Mbele yake wamesimama watu wenye silaha. Mtu aliyemteka yu mbele ya wafuasi wake na hataki kuaibika. Pembeni amesimama mwanamume ampendaye, ambaye akijulikana kuwa mchumba atauawa kabla ya jua kuchwa. Na msichana aulizwa, kwa adabu kabisa, kama aridhia. Je, hilo ni swali? Swali la kweli lina majibu mawili. Hili lilikuwa na moja.

Charicleia aanza kwa kuomba radhi. Asema ingefaa zaidi kaka yake aseme, kwa kuwa mwanamke hupendeza kwa kunyamaza mbele ya wanaume. Neno "kaka" ndilo uongo wake wa kwanza, na limekwisha okoa roho ya Theagenes. Kisha atunga kisa kizima. Wao ni ndugu, asema, wenyeji wa Ephesus. Yeye ni kuhani wa Artemis, na kaka yake ni kuhani wa Apollo. Walikuwa wakisafiri kwenda Delos kwa sherehe ya kuuweka chini ukuhani wao, ndipo dhoruba ikawatupa Misri. Ndoa aikubali, tena kwa shukrani. Aomba tu angoje mpaka wafike katika mji wenye hekalu au madhabahu ya Apollo, auvue ukuhani wake kwa heshima kabla ya kuolewa. Baraza lote likashangilia. Thyamis akakubali, nusu kwa hiari na nusu kwa kushindwa.

(Kuomba radhi kule kwa kusema kulimpendeza sana mwandishi, nadhani. Waandishi hawa walikuwa wanaume, nao hawakuweza kumpa msichana hotuba nzuri bila kumfanya kwanza ajute kuwa na mdomo.)

Theagenes mwenyewe alifadhaika kwa kuisikia ahadi ya ndoa. Ndipo Charicleia akamweleza sheria yake, nayo yastahili kupimwa kwa makini: kwamba uongo waweza kuwa mwema pale unapomfaa msemaji bila kumdhuru msikilizaji, na kwamba tamaa yenye nguvu huwaka zaidi ikipingwa, bali hulala ikipewa ahadi. Wasomaji wangu wa kutikisa kichwa huliona hilo kuwa ungamo la tapeli. Mimi naliona kuwa sheria ngumu kuliko ile ya Odysseus, ambaye hakujiuliza kamwe kama msikilizaji wake ataumia.

Na huyo Thyamis aliyedanganywa, ambaye wengine humwonea huruma, alifanya nini? Maadui walipovamia maficho yake na yeye akaona kwamba atashindwa, Charicleia alikuwa amekwisha fichwa pangoni. Thyamis akaenda mbio mpaka pangoni, akamsikia gizani mwanamke aongeaye Kiyunani, akamchoma upanga, ili yule ambaye yeye hatampata asipatikane na mtu mwingine. Aliyekufa alikuwa mwanamke mwingine, mtumwa aitwaye Thisbe. Lakini upanga ule ulikuwa umekusudiwa kifua cha Charicleia. Kwa mtu wa namna hii ndipo wadaiwa wanawake kweli tupu!

Labda utanijibu kwa methali yetu, kwamba njia ya mwongo ni fupi. Methali ni njema, lakini njia ya Charicleia ilikwenda kutoka mlango wa Nile mpaka Meroe, na aliyekuwa akiitafuta ni baba na mama yake. Tena tazama jinsi tunavyozisoma hadithi zetu wenyewe. Sungura amdanganyapo simba, au Abunuwasi amzungukapo mkubwa, hatuulizi kama amesema kweli. Twacheka, twafurahi kwamba mnyonge amepona. Twajua bila kuambiwa kwamba mwenye meno na asiye na meno hawapimwi kwa ratili moja. Mbona basi mnyonge akiwa msichana twaisahau furaha hiyo na kuwa mahakimu?

Anthia, katika riwaya ya Xenophon wa Ephesus, apita katika mikono mingi kuliko Charicleia, na kila mkono autolea neno. Afisa wa Kilikia, Perilaus, ataka kumwoa. Amwomba ahirisho la siku 30. Psammis, mfalme kutoka Uhindi, amnunua Alexandria na kutaka kumshika kwa nguvu. Anthia amwambia kwamba baba yake alimweka wakfu kwa Isis tangu kuzaliwa, na muda bado haujaisha. Psammis aogopa, amwacha. Na alipouzwa Tarentum kwa mwenye nyumba ya ufisadi, na kusimamishwa mlangoni ili wanaume wamwone, alianguka chini mbele ya umati akajifanya mwenye kifafa, kisha akatunga kisa cha mzuka uliompiga utotoni karibu na kaburi jipya. Sijui msomaji awezaye kuyataja hayo kuwa ulaghai bila kuona haya. Ni nani aliyekuwa akidanganywa? Ni mtu aliyelipa fedha apate kumwuza binadamu kwa saa.

Ukitaka kumwona mdanganyifu mkubwa wa riwaya hizi, usimtafute miongoni mwa wasichana. Ni mzee Kalasiris, kuhani wa Isis kutoka Memphis, katika kitabu kile kile cha Heliodorus. Huyu alifika Delphi akakaribishwa na Charicles, kuhani wa Apollo, aliyekuwa amemlea Charicleia kama mwanawe. Msichana alipougua kwa mapenzi, Kalasiris, aliyejua ugonjwa ni nini, alimwambia baba mlezi kwamba ni kijicho, akafukiza ubani na kunong'ona maneno ya uganga wa mchezo. Kisha akapanga binti atoroshwe usiku, na asubuhi haijafika akamwendea Charicles kwa sura ya majonzi na kuuhimiza mji uwafuate wezi. Mzee wa watu akaachwa bila mtoto. Wasomaji humwita Kalasiris mwenye hekima, na wengi humpenda. Mimi pia nampenda. Ni msimulizi hodari. Lakini sijapata kuona mtu akifunga kitabu na kusema, "Hivyo ndivyo walivyo wanaume."

Nisije nikadhaniwa kuwa nawatetea wanawake wote wa vitabu hivi. Wamo walioua kwa ulimi. Manto, binti wa mkuu wa maharamia, alikataliwa na Habrocomes, mume wa Anthia, aliyekuwa mateka wa baba yake. Akaenda kusema kwamba kijana yule alitaka kumwingilia kwa nguvu, na Habrocomes akapigwa mijeledi, akateswa, akafungwa. Demainete wa Athens alimsingizia mtoto wa mumewe kwamba alimpiga teke tumboni. Arsace, mke wa liwali wa Uajemi aliyetawala Misri, na dada wa mfalme mkuu mwenyewe, alimpeleka Charicleia mahakamani kwa mauaji ya mtumishi Cybele, naye alijua vema kwamba Cybele alikufa kwa sumu aliyokuwa amemwandalia Charicleia. Katika kesi hiyo msichana, aliyechoshwa na mateso, alikiri kosa asilolitenda, ili afe. Huo nao ulikuwa uongo wa mwanamke, na mtu aliyedhuriwa nao ni yeye peke yake.

Waweke wanawake hawa watatu mahali pamoja uone wanachoshiriki. Kila mmoja wao ana nguvu juu ya yule anayemsingizia. Manto ana baba mwenye mijeledi, Demainete ana sikio la bwana wa nyumba, Arsace ana askari na moto wa kuchomea. Maneno yao huanguka kutoka juu. Maneno ya Anthia na Charicleia hupanda kutoka chini, kama mkono wa mtu anayezama. Anayeyachanganya mawili haya na kuyaita kwa jina moja, "hila za wanawake," hajasoma kitabu. Amehesabu tu nguo zilizovaliwa na wasemaji.

Tuje sasa kwa Melite, tajiri wa Ephesus, katika riwaya ya Achilles Tatius. Kesi yake si nyepesi, na ndiyo sababu naileta. Mumewe, Thersander, alidhaniwa amekufa baharini. Melite alimpenda kijana Clitophon, akafunga naye ndoa, lakini kijana aliendelea kumkwepa. Kisha Thersander akarudi akiwa hai, na ni baada ya kurudi kwake ndipo Melite na Clitophon walipokutana kimapenzi, mara moja tu. Mambo yakafika mahakamani. Thersander akamtaka mkewe aape kwamba hakuwa na Clitophon wakati yeye mume alipokuwa hayupo. Akataka kiapo kipimwe katika chemchemi ya Styx, ambayo mwanamke huingia akiwa amefungiwa shingoni kibao kilichoandikwa kiapo chake: akisema kweli maji hubaki miguuni, akisema uongo huchemka na kupanda mpaka yakifunike kibao. Melite akakubali kwa moyo mweupe. Wakati mume alipokuwa hayupo! Akaingia majini, na maji hayakupanda hata kidogo.

Basi tumempata mwongo, utasema. Alijificha nyuma ya herufi za kiapo. Sawa. Sasa geuza kurasa chache nyuma, mahali ambapo Clitophon, mezani kwa kuhani wa Artemis, anamsimulia baba wa mchumba wake Leucippe mambo yote yaliyompata. Alipofika kwa Melite aliligeuza jambo hilo lionekane kuwa la utawa mtupu, akaruka lile moja lililotokea. Naye mwenyewe atuambia, kwa fahari kidogo, kwamba hakusema uongo wowote. Kosa ni moja, la watu wawili waliokuwa pamoja. Hila ni moja, ya kusema kweli iliyokatwa kipande. Melite alipelekwa chemchemini mbele ya mji mzima. Leucippe, ambaye hakukosa lolote, alifungiwa katika pango la Pan ili ubikira wake upimwe kwa sauti ya filimbi. Clitophon alipewa divai na kusikilizwa. Riwaya haitaji chemchemi wala pango lolote la kuwapimia wanaume.

Nimemweka Callirhoe mwisho kwa sababu yeye ndiye anayenisumbua. Katika riwaya ya Chariton, Callirhoe ni binti wa Hermocrates, jemadari wa Syracuse. Wachumba waliomkosa walimtilia mumewe Chaereas sumu ya wivu kwa mchezo wa uongo waliouigiza mlangoni pake. Mume akampiga teke, akazimia kama mfu, akazikwa. Mwizi wa makaburi, Theron, akamkuta hai, akamvusha bahari na kumwuza Miletus kwa jina la mtumwa. Hesabu uongo wa wanaume mpaka hapo. Mwanamke hajasema hata mmoja. Huko Miletus bwana wake mpya, Dionysius, mtu mstaarabu na mpole, akampenda na kutaka kumwoa. Ndipo Callirhoe alipotambua kwamba ana mimba ya miezi miwili, mimba ya Chaereas.

Mtumwa mwenzake, Plangon, alimwonyesha njia: aolewe upesi, na mtoto ahesabiwe kuwa wa miezi saba. Callirhoe aliyapima hayo usiku kucha. Alifikiri kuitoa mimba. Mwisho alifanya baraza la watu watatu chumbani: yeye, taswira ya mumewe, na mtoto tumboni. Yeye alipiga kura ya kufa akiwa mwaminifu. Wale wawili, alivyowasikia moyoni mwake, walichagua mtoto aishi. Akaolewa. Mtoto akazaliwa, na Dionysius akafurahi kama mtu aliyepewa ulimwengu.

Hapa sheria ya Charicleia yavunjika. Msikilizaji alidhuriwa, tena msikilizaji mwema. Dionysius hakumshika kwa nguvu. Sitasema kwamba hakuumizwa, wala kwamba wema wake ulistahili malipo hayo. Nasema tu, kumbuka kwamba alikuwa amemnunua. Upole wa mwenye kununua una mpaka, na Callirhoe hakuwa na njia ya kuujua mpaka huo ila kwa kumweka mtoto wake mchanga juu yake na kungoja. Mtoto wa mtumwa ni mali. Kwa neno moja la uongo alimfanya raia na mrithi. Anayetaka kumhukumu aseme kwanza ni kweli gani angeitamka yeye, katika chumba kile, na kwa thamani ya nani.

Hata Chaereas alipompata tena kwa vita na bahari, hila zake hazikuisha. Kabla ya kusafiri kurudi Syracuse alimwandikia Dionysius barua kwa mkono wake mwenyewe. Alimficha Chaereas jambo hilo, kwa kuwa alimjua wivu wake. Teke la kwanza lilikuwa limemfundisha. Akaitia muhuri, akaificha kifuani, na wakati wa kupanda marikebu akampa Stateira, malkia wa Uajemi, kwa siri, huku uso umemwiva kwa haya. Ndani yake alimwita Dionysius mfadhili wake, akamwomba amlee mtoto wao, amwoze binti yake wa ndoa ya kwanza, na amtume Syracuse atakapokuwa mtu mzima, amwone babu yake. Mtoto "wao," aliandika. Dionysius aliisoma barua, akaibusu, akaikumbatia. Kisha akamchukua mtoto na kuondoka haraka kwenda kwake Ionia.